Farasi kaingia wa kwanza, mkeka umechanika: namna ya kujua nani wa kumlalamikia

Hii naandika kwa wale wanaobeti farasi hapa Tanga, pale Ngamiani, Makorora, Chumbageni, na wale wa barazani simu mkono mmoja kikombe cha kahawa mkono mwingine. Kila siku nasikia kelele zilezile, farasi wangu kaingia wa kwanza nimemuona kwa macho yangu, alafu kwenye akaunti hamna kitu, au hela imekuja pungufu. Basi mtu anaondoka mbio kwenda kumwagia matusi yule dada wa dirishani, ambaye masikini ya Mungu hajui nani kamtoa farasi wala kwa nini, yeye kaona tu kompyuta imeandika hivo.

Cha kuelewa mapema ni kwamba mbio za farasi zina wasimamizi wawili na kila mmoja ana kazi yake. Mmoja anamsimamia farasi: nani apande, kabeba uzito gani, kachomwa sindano gani, kamziba mwenzake njiani au hakumziba. Huyo yuko hukohuko mbio zinakokimbiwa. Wa pili anaisimamia hela yako, na huyo tunaye hapahapa nyumbani, ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, ambayo ipo kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na iko chini ya Wizara ya Fedha. Ukienda Bodi kulalamika kwamba waamuzi wa Uingereza wamekuonea, hawana cha kukusaidia. Na ukiwaandikia Waingereza kwamba duka la mtaani kwako halijakulipa, ndo hata hawatakujibu. Kwahiyo kazi yote ya mwongozo huu ni kukuonyesha kosa limetokea upande gani, ili usizunguke bure.

(Najua mashehe wana neno lao kwenye hili la kubeti na mi sibishani nao, hii ni kwa ambaye hela keshaiweka.)

Kwanza kabisa, huyo farasi ni wa kweli?

Usicheke. Nusu ya kelele za Tanga ni za farasi wa kwenye skrini, wale wa katuni wanaokimbia kila baada ya dakika chache usiku na mchana. Pale hakuna farasi, hakuna joki (mpanda farasi), hakuna daktari wa mifugo, matokeo yanatoka kwenye programu inayochagua namba kwa kubahatisha, kwahiyo hata ukae na daftari uandike namba 4 kashinda mara ngapi wiki hii haikusaidii kitu, mbio inayofuata haikumbuki iliyopita. Kwa hao msimamizi ni mmoja tu, Bodi, na swali lako ni moja tu: je kampuni ina leseni na tiketi yangu imelipwa kama ilivyoandikwa. Kama we ni wa katuni ruka mpaka kwenye sehemu ya kulalamika, haya ya katikati hayakuhusu.

Farasi wa kweli utamjua kwa tiketi. Lazima kuwe na jina la uwanja (Ascot, Kempton, Kenilworth, Churchill Downs), saa ya mbio, na jina la farasi mwenyewe sio namba peke yake. Hiyo saa nayo iangalie vizuri. Uingereza sisi tumewatangulia masaa mawili wakati wa kiangazi chao na masaa matatu wakati wa baridi, kwahiyo mbio ya saa nane mchana kwao inaweza kuwa saa kumi au saa kumi na moja jioni kwetu, na kuna watu wanagombana kwamba wamewekewa mbio iliyokwisha kumbe wamesoma saa ya kule.

Nani anasimamia wapi

Uingereza mbio zote ziko chini ya British Horseracing Authority, iliyoanza kazi mwaka 2007. Hiyo sio wizara, ni chombo cha mchezo wenyewe, serikali yao inaingia zaidi kwenye upande wa kubeti kupitia Gambling Commission. Afrika Kusini farasi wako chini ya National Horseracing Authority, leseni za kubeti zinatolewa na bodi za majimbo. Majirani zetu Kenya wana Jockey Club of Kenya pale Ngong, Nairobi, hao ndo wa karibu kabisa na sisi, kuliko hapo labda uende ukaangalie punda wa Lamu.

Marekani ndo kuna vurugu. Kule kila jimbo lenye mbio lina tume yake ya serikali. Kentucky walianza mwaka 1906, California wana bodi yao tangu 1933, New York wana tume inayoshika farasi pamoja na bahati nasibu na kasino. Kanuni zilikuwa zinatofautiana mpaka dawa inayoruhusiwa jimbo hili inakufungia jimbo la pili. Baada ya kashfa za dawa na vifo vingi vya farasi pale uwanja wa Santa Anita mwaka 2019, bunge lao likapitisha sheria mwishoni mwa 2020 ikazaliwa mamlaka moja ya taifa, HISA. Ikaanza na usalama wa viwanja Julai 2022, alafu upimaji wa dawa Mei 2023. Majimbo bado yapo, Kentucky wenyewe mwaka 2024 walivunja tume yao ya zamani wakaweka shirika jipya linaloshika farasi na michezo mingine ya kubahatisha kwa pamoja. Kwahiyo ukisoma habari ya Marekani angalia nani katoa uamuzi, jimbo au HISA.

Kwa nini nakuchosha na haya? Kwa sababu kanuni za kumtoa mshindi hazifanani. Uingereza, na sehemu kubwa ya dunia, farasi akimgonga mwenzake waamuzi wanajiuliza: yule aliyegongwa, asingegongwa, angemaliza mbele ya huyu? Kama jibu ni hapana matokeo yanabaki, joki anaweza kufungiwa lakini mkeka wako, yaani tiketi yako ya beti, uko salama. Marekani kwa sehemu kubwa wanatazama zaidi kama kosa lilimgharimu yule farasi nafasi, sio lazima awe angeshinda. Kwahiyo kugonga kulekule, nchi mbili, majibu mawili.

Saa ya matokeo rasmi ndo kila kitu

Hapa ndo pa kukaa. Farasi akivuka mstari mbio haijaisha. Majoki wanarudi kupanda mizani, na aliyepungua kuliko alivyopimwa kabla ya mbio anaweza kumponza farasi wake. Kukiwa na kugongana, waamuzi wanatangaza uchunguzi, wanaangalia video, wanawaita majoki wanajieleza. Wakimaliza ndo matokeo yanakuwa rasmi, na kampuni za kubeti zinalipa kwa hayo. Likibadilika jambo KABLA ya rasmi, mkeka wako unabadilika nao. Likibadilika BAADA, mkeka haubadiliki, hata farasi anyang'anywe kombe.

Kuna kesi mbili za uwanja mmoja zinaonyesha hii kitu vizuri kuliko maelezo yangu, zote za Kentucky Derby, ile mbio ya Jumamosi ya kwanza ya Mei ambayo huku inakimbia karibu saa nane usiku wa kuamkia Jumapili.

Mei 2019, tope tupu, Maximum Security kaingia wa kwanza. Majoki wawili wakaweka pingamizi kwamba kwenye kona aliwaziba wenzake. Waamuzi wakakaa kama dakika ishirini na mbili dunia nzima inasubiri, wakamshusha mpaka wa 17, nyuma ya farasi aliyemziba. Ushindi akapewa Country House, ambaye hakuna aliyemdhania, kila dola 2 ikalipa dola 132 na senti 40. Haijawahi kutokea kabla ya hapo mshindi wa Derby kutolewa kwa rafu ya ndani ya mbio. Wenye farasi wakaenda mahakamani, wakashindwa, maana kanuni za Kentucky zilisema uamuzi wa aina hiyo haukatiwi rufaa. Sasa we uliyekuwa na Maximum Security, mkeka umechanika kihalali kabisa.

Mei 2021, Medina Spirit wa kocha Bob Baffert kaingia wa kwanza, mizani safi, hakuna pingamizi, rasmi. Watu wakalipwa. Baadae vipimo vikaonyesha betamethasone, dawa ya uvimbe ambayo hairuhusiwi kukutwa kwenye damu siku ya mbio. Maneno yakaenda mpaka Februari 2022 ndo waamuzi wakamvua ushindi ukaenda kwa Mandaloun, na farasi mwenyewe alishakufa Desemba. Hela ya zawadi ikahama. Waliobeti Mandaloun ashinde hawakupata hata senti, na waliobeti Medina Spirit hakuna aliyewadai warudishe.

Na fimbo za joki vilevile. Uingereza tangu 2023 joki anaruhusiwa kuchapa mara 6 kwenye mbio za tambarare na mara 7 kwenye zile za kuruka viunzi, akizidisha mara nne au zaidi farasi anaondolewa. Ila hiyo inaamuliwa na kamati siku za baadae, kwahiyo ukisoma kwenye habari kwamba mshindi wa wiki iliyopita kafutwa kwa fimbo usiokote tiketi yako kwenye pipa, haina kazi.

Kuna kampuni kwa hiari yao zinalipa wote wawili, aliyevuka wa kwanza na aliyepewa ushindi baadae. Hiyo ni zawadi yao, imo kwenye vigezo na masharti, kama haimo huwezi kuidai.

Hela imekuja pungufu

Hapa ndo panapogombanisha watu zaidi na mara nyingi hakuna aliyeibiwa. Mazungumzo ya dirishani yanakuwaga hivi (odi ni ile namba inayozidisha dau lako ukishinda):

"Dada, mi niliweka elfu tano, odi sita, ilitakiwa thelathini."
"Kaka, kuna farasi alitolewa, mfumo umekata."
"Alitolewa farasi mwingine, wangu kakimbia!"
"Ndo hivo kaka, mi sijui zaidi ya hapo."

Dada yuko sahihi ila hajaeleza. Ukichukua odi mapema alafu farasi mwenye nguvu akatolewa dakika za mwisho kabla mbio haijaanza, wa kwako kapata nafuu, njia imemfungukia, ile odi sita haikuwa haki yake tena. Kwahiyo kwa mbio za Uingereza kuna kanuni inaitwa Rule 4, inakata asilimia fulani ya faida yako kutokana na odi ya yule aliyetolewa. Aliyetolewa akiwa wa odi 3.00 inakatwa asilimia 30. Akiwa wa odi 10.00 ni asilimia 10. Akizidi odi 15.00 hawakati kitu. Akiwa ndo yule kipenzi cha wote wa odi 1.11 kushuka chini inafika asilimia 90.

Sasa chukua kalamu. Dau 5,000 mara 6.00 ni 30,000. Faida ni 25,000 maana ile 5,000 ni yako. Aliyetolewa alikuwa wa 3.00, kata asilimia 30 ya 25,000, ni 7,500. Inabaki faida 17,500, ongeza dau lako, unapata 22,500. Hapo bado kodi ya zawadi, ambayo kampuni inaikata yenyewe inapeleka TRA, we huna cha kwenda kulipa. Wakati wa kuhesabu tenganisha hivi viwili, kwanza kata Rule 4, alafu kodi, ukichanganya lazima uone umeibiwa. Na hakikisha wamekata kwenye faida sio kwenye jumla yote pamoja na dau, hilo likitokea ndo kosa halali la kulalamikia.

Farasi wako mwenyewe akitolewa kabla ya mbio, beti ya kawaida dau linarudi. Kwenye mkeka wa mechi nyingi ile mbio inahesabiwa kama haipo na mengine yanaendelea.

Wakifungana, yaani hata kamera ya mstari imeshindwa kuwatenganisha, dau linagawanywa. Uliweka 4,000 kwa odi 5.00 na wamefungana wawili, basi 2,000 inacheza na kulipa 10,000, ile 2,000 nyingine imekufa. Hakuna kulipwa 20,000 hapo hata ulie.

Alafu kuna ile beti ya pande mbili, ashinde au aingie kwenye nafasi. Kwanza inakula dau mara mbili, ukiandika 2,000 unalipa 4,000. Utaratibu wa kawaida wa Uingereza, wakikimbia nane na kuendelea wanalipwa watatu wa mwanzo kwa moja ya tano ya odi, wakikimbia watano mpaka saba wanalipwa wawili kwa robo, wanne kushuka chini ni mshindi peke yake, na kwenye mbio za kusawazishiana uzito zenye farasi wengi nafasi zinaongezeka. Mtego ni pale walipoandikishwa nane, asubuhi mmoja akatolewa, wakakimbia saba. Wako kaingia wa tatu, unashangilia mpaka unamwaga kahawa, kumbe ile nafasi ya tatu imefutika zamani. Wanaohesabiwa ni waliokimbia, sio walioandikwa. Mi kwa maoni yangu mbio ya nane kamili usiicheze pande mbili kabisa, subiri ya kumi na kuendelea.

Kabla hujalalamika, angalia leseni

Hii ilitakiwa uifanye kabla ya kuweka hela ila haya. Kwenye tovuti ya Bodi kuna orodha ya kampuni zenye leseni, tafuta jina la kampuni kama lilivyo kwenye leseni, maana jina la matangazo na jina lililosajiliwa sio lazima yafanane. Dukani una haki ya kuuliza leseni iko wapi, wakianza kuzungusha maneno ondoka. Na hawa wa kwenye magrupu ya simu wanaokwambia nitumie kwenye namba yangu nikuwekee farasi wa uhakika, hao sio kampuni, hawana leseni, hapo hakuna Bodi wala nani, hiyo ni kesi ya polisi, na "farasi wa uhakika" hata Baffert hana.

Chini ya miaka 18 hairuhusiwi kabisa. Mdogo wako akicheza kwa laini yako ya simu alafu ikatokea ushindi mkubwa na ubishani wa nani kacheza, mmejifunga wenyewe.

Namna ya kulalamika ukasikilizwa

Kusanya kwanza. Tiketi, au skrinshoti ya beti ikionyesha namba yake na odi na saa uliyoweka. Ujumbe wa muamala wa hela ya simu, usiufute. Matokeo rasmi ya mbio, yanapatikana bure kwenye tovuti ya wasimamizi wa mbio au ya uwanja, piga picha sehemu inayoonyesha nani kashika nafasi gani, nani alitolewa, na waamuzi wamesema nini. Tiketi za karatasi za joto zinafifia haraka hasa kwa jua letu hili, ipige picha siku hiyohiyo.

Alafu anza na kampuni yenyewe, kwa maandishi. Ukipiga simu wakakujibu vizuri bado waandikie ukithibitisha mlichoongea. Wasipojibu au wakikujibu hewa, ndo upeleke Bodi ukiambatanisha na yale uliyowaandikia, maana kitu cha kwanza utakachoulizwa ni kama uliongea nao. Usiandike hadithi ndefu ya maisha magumu. Andika hivi:

"Tarehe fulani saa fulani niliweka beti namba fulani kwa kampuni yenu, uwanja Kempton, mbio ya saa fulani, farasi fulani, dau 5,000, odi 6.00. Kwa matokeo rasmi farasi huyo kashika nafasi ya kwanza. Farasi mmoja wa odi 3.00 alitolewa, kwahiyo makato yanatakiwa kuwa 7,500 na malipo 22,500 kabla ya kodi. Mmenilipa 21,000 kabla ya kodi, inaonekana asilimia 30 imekatwa kwenye jumla badala ya faida. Naomba nilipwe 1,500 iliyobaki au nionyeshwe kifungu cha masharti yenu kinachoruhusu hivyo. Nimeambatanisha tiketi na matokeo."

Umeona hiyo barua haina tusi hata moja na haina "mmeniibia". Sehemu yenye nguvu ni ile ya kuomba kifungu. Kampuni ikikosea inalipa kimyakimya, ikiwa sahihi inakutumia kifungu unakisoma unanyamaza, na zote mbili ni bora kuliko kushinda dirishani unagombana na mtoto wa watu.

Elfu moja mia tano unaweza kusema ndogo, lakini mfumo ukikosea kwako umekosea kwa kila aliyebeti mbio hiyo, ndo maana ukiwa na wenzio wa beti ileile kila mtu aandike ya kwake na namba yake ya tiketi, msiandike moja ya kundi zima. Nakala baki nayo, na tarehe uliyotuma iandike pembeni.